Mbeleko Aliyoificha Bibi

Enzi zetu mtoto hakuwekwa kwenye kigari cha plastiki chenye kupiga muziki ili ajifunze kutembea. Alikaa mgongoni kwa mtu, na mtu huyo kwa kawaida alikuwa dada yake. Wenzangu mliokulia Usukuma mnanielewa. Ukiwa msichana wa umri wa kung'oka meno, mgongo haukuwa wako tena, ulikuwa wa mdogo wako. Ulicheza rede naye, ulipepeta mtama naye, ulikimbiza mbuzi naye, na ukijikwaa ulihakikisha unaangukia uso ili yeye asiumie. Kovu la kidevuni ninalo mpaka leo, na aliyenisababishia hana hata mkwaruzo.

Huyo ni mdogo wangu Mabula. Alizaliwa mvua zikinyesha, ndiyo maana akapewa jina hilo. Kwetu ni kijijini, upande wa Songwa, mahali ambapo jioni vumbi likitulia uliziona taa za mgodi wa almasi kwa mbali. Uhuru ulikuwa umepatikana miaka michache tu nyuma, na kila mkutano wazee walirudi wakisema serikali inataka watoto wote shuleni. Wote, walisema. Lakini serikali haikuwa na mtoto wa kubebwa. Mama alikuwa naye.

Mimi shule niliitaka. Rafiki yangu Holo, wa boma la jirani, alikuwa ameshaanza, na kila akirudi alikuja kunitia uchungu. Siku moja alichukua kijiti akaandika vumbini, akaniambia, "Limi, hili ni jina lako." Ndiyo mara ya kwanza kuliona jina langu. Niliinama kulitazama, na Mabula mgongoni akainama pamoja nami, na kabla sijashiba kulitazama mbuzi akapita akalikanyaga. Holo akacheka mpaka akakaa chini. "Jina lako limeliwa na mbuzi!" Nikamwambia aandike tena, akasema, "Njoo shule uandike mwenyewe."

Basi jioni ile nilipiga magoti mbele ya baba nikamwambia nataka kusoma. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimtazama mama, mama akatazama jembe.

"Na huyu nani atamshika?" mama akauliza.

Bibi, mzaa baba, alikuwa ameegemea kihenge anamenya karanga. Mgongo wake ulikuwa umeshakataa mizigo. Akasema, "Mimi naweza kukaa naye. Lakini anayetambaa lazima uinuke umfuate umwinue, na mimi nikiinama siinuki. Akitembea, nitamwita na atakuja. Akitembea nileteeni."

Baba akatikisa kichwa kukubali. Akanyoosha kidole kutoka kihenge mpaka kwenye zizi la ng'ombe. "Siku nitakayomwona anatoka pale mpaka pale hajashika kitu, utakwenda shule. Mwezi wa kwanza ukifika bado anatambaa, basi. Mwaka unaofuata utakuwa mrefu kuliko mwalimu, watakufukuza."

Sikulala kwa furaha ile. Nilijua mtoto kutembea ni kazi ndogo. Kila mtu anatembea!

Ulikuwa msimu wa mavuno, na ninyi wenzangu mnajua mavuno ya kwetu yalivyokuwa. Uwanja wa kupuria umesiribwa mavi ya ng'ombe mpaka unang'aa, vijana wanapiga mtama kwa fimbo kwa kufuata wimbo, makapi yanakuwasha shingoni mpaka unatamani kujivua ngozi. Maboga yamefukiwa kwenye majivu. Maziwa yanasukwa kwenye kibuyu tangu alfajiri, na harufu ya samli inakuamsha kabla ya jogoo. Mama na wanawake wenzake walikata viazi vitamu vyembamba wakavianika juu ya jabali kubwa nyuma ya nyumba, jabali zima likawa jeupe. Hiyo ndiyo michembe. Vile vilivyochemshwa kwanza halafu vikakatwa na kuanikwa tuliviita matobolwa, na ndivyo vilivyokuwa peremende zetu. Tobolwa moja ulilitia shavuni asubuhi, mchana bado unalo.

Kazi yangu ilikuwa kulinda jabali lile dhidi ya mbuzi, kunguru na watoto wa majirani. Niliona hapo ndipo pa kumfundishia Mabula, maana jabali lilikuwa tambarare na lenye joto. Nilimsimamisha, nikasogea nyuma, nikamwonyesha tobolwa. Akalitazama. Akanitazama. Akaketi, akageuka upande wake, akachukua tobolwa lililokuwa karibu na tako lake. Jabali zima limejaa matobolwa, atembee aende wapi?

Bibi akachimba shimo. Hiyo ni dawa ya wazee, nadhani baadhi yenu mlipitia. Kishimo kifupi karibu na kihenge, kinajazwa mchanga laini uliopashwa na jua, mtoto anasimamishwa humo mpaka kiunoni ili miguu ikaze. Watoto wengine humo walilia, wengine walirukaruka. Mabula alilala. Alilala wima, kichwa kimeinamia kifua, mate yanamtoka, na kuku wakamzunguka wakidhani ni kitu cha kudonoa. Baba naye alipopata nafasi akamchongea kigari cha miti cha magurudumu matatu, akishike akisukume. Mabula alikitafuna mpini. Wachunga ng'ombe wakakiazima wakabebee kuni, hatukukiona tena.

Pamba ilipoiva nyumba ilijaa pamba. Siku hizi watoto wana magodoro, na wanalalamika! Sisi wakati wa pamba tulilala juu ya lundo lake, unazama mpaka masikioni, unaamka na nyuzi kwenye kope. Mchana tulikaa kuchambua, safi huku, fifi, ile chafu, kule, na ole wako uchanganye, baba angekurudishia lundo zima. Mabula tulimtupia katikati ya pamba akawa anaogelea. Humo ndani alisimama! Naapa alisimama, pamba imemshikilia pande zote kama mikono ya watu. Nikapiga kelele, "Mayu, njoo uone!" Mama akaja mbio, unga mikononi, akamtazama, akasema, "Mtoe kwenye pamba tuone." Nikamtoa. Akakaa.

"Haya," mama akasema. "Umeniachisha ugali, unaungua."

Baba alipotoka kuuza pamba alipitia dukani kwa Mhindi, pale kwenye senta ya maduka, akarudi na shuka ya mama, ugoro wa bibi, na kitambaa cha bluu. Kitambaa kile hakuna aliyeambiwa ni cha nini, lakini nilijua. Wasichana wa shule walivaa gauni za bluu. Mama alikikunja akakiweka kwenye sanduku la bati akafunga. Baba akasema tu, "Fundi cherehani yupo barazani pale kila siku. Hahami." Mimi kila nikifagia nyumba nilifagia mara mbili karibu na lile sanduku.

Baada ya pamba zikaja ngoma. Lo, enzi zile! Vyama viwili vya ngoma, Wagika upande huu, Wagalu upande ule, kijiji kizima kinahama kwenda uwanjani, vumbi linapanda mpaka jua linakuwa jekundu mchana. Baba alikuwa Mgika, na siku ya ngoma alifunga njuga miguuni. Zile njuga alizirithi kwa baba yake, haziguswi na mtoto wala mwanamke. Akikanyaga chini ilikuwa kama ng'ombe mia wanatikisa kengele. Mimi nilicheza pembeni na Mabula mgongoni, na kila njuga za baba zikilia Mabula alinipiga mateke mbavuni kwa kufuata ngoma, hakosei. Wanawake wakamwona, wakamshusha chini. Akacheza kwa matako. Watu waliacha kutazama ngoma wakamtazama yeye. Kila mmoja akataka kumbeba. Alitoka mkono huu akaenda mkono ule, jioni akarudishwa kwangu amelowa samli waliyojipaka watu wote.

Kiangazi kikakaza. Mto ukakauka, tukawa tunachimba mchangani na kuteka kwa kata, na kuoga kukawa kwa nusu kibuyu, anaanza mtoto, maji yale yale yananawisha wengine, mwisho yanamwagiwa mche wa mpapai. Mama akaingiwa na wasiwasi. Akambeba Mabula mpaka hospitali ya Kolandoto kwa miguu, nami nikafuata nimebeba michembe ya njiani. Mganga akamgonga magoti, akamshika nyayo, akazikunja. Mabula akampiga teke la kifua.

"Mwenye teke hili," mganga akasema huku akijipangusa, "hana ugonjwa."

Tulirudi mama anacheka njia nzima. Mimi nilikuwa nalia kimya kimya nyuma yake. Kama angekuwa mgonjwa wangempa dawa. Mzima unampa nini?

Mawingu yakaanza kukusanyika upande wa ziwa. Kila mtu akawa ananoa jembe, na mimi nahesabu miezi. Holo alipita akaniambia, "Mwalimu ameuliza kama unakuja. Nimemwambia miguu yako inasubiri miguu ya mtu mwingine." Ningempiga, ila nilikuwa na mtoto mgongoni.

Siku hiyo bibi alikuwa amekaa kwenye kivuli cha nyumba anatutazama. Mabula alikuwa chini, ameshika ukuta, mguu mmoja umeinuka. Mimi nikakimbia nikamshika nikamtupia mgongoni asije akaanguka. Bibi akaniita.

"Limi. Njoo hapa."

Nikaenda, nikapiga magoti.

"Fungua hiyo mbeleko."

Nikafungua, nikamshusha mtoto. Bibi akaichukua mbeleko, akaikunja, akaikalia.

"Nimekutazama tangu mavuno," akasema. "Kila huyu akiinua mguu, wewe unainama kumpa mgongo. Mama yako hivyo hivyo. Kijiji kizima hivyo hivyo. Amepanda watu mpaka amesahau kuwa naye ana miguu, anadhani binadamu ni punda wake. Kuanzia leo hakuna kumbeba."

"Atalia, bibi."

"Alie. Kwani machozi yanakata miguu?"

Mabula alilia. Alilia mpaka mbwa akaondoka. Alinifuata akitambaa, akanishika gauni, akaniinulia mikono, na mimi mikono yangu niliifunga kwapani nikaikaza. Kubeba ni kugumu lakini kutobeba ni kugumu zaidi, nawaambieni. Mgongo wangu ulihisi baridi. Mama alirudi akamkuta ananguruma akataka kumwinua, bibi akamwambia, "Mama Limi, mwache," na enzi hizo mama mkwe akisema mwache, uliacha. Mbeleko bibi alikwenda kuificha, hatukujua wapi.

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana na usiku. Asubuhi yake, kama mjuavyo, ni kumbikumbi. Kichuguu kilichokuwa nyuma ya zizi kilifunguka wakawa wanatoka kama moshi. Baba na mama walikuwa wameshakwenda shambani na ng'ombe wa kulimia. Sisi watoto tukatoka mbio na vibuyu, wengine wanawaokota, wengine wanawala wabichi na mabawa yao. Nilimwacha Mabula mlangoni na bibi. Nilikuwa na kumbikumbi mdomoni niliposikia Holo anasema kwa sauti ndogo, "Limi, geuka polepole."

Nikageuka. Kumbikumbi mmoja aliyepukutika mabawa alikuwa anatembea matopeni, na nyuma yake alikuwa anakuja Mabula. Kwa miguu. Tumbo mbele, mikono imetanuliwa kama ya mtu anayevuka mto, macho hayabanduki kwa yule mdudu. Anapiga hatua, anayumba, anasimama, anapiga nyingine. Nikatupa kibuyu.

"Usimshike!" Holo akanidaka gauni. "Limi, usimshike!"

Sikumshika. Akamfikia yule kumbikumbi, akainama, akamtia mdomoni, akakaa matopeni akatafuna. Watoto wote wakapiga vigelegele. Bibi kule mlangoni akapiga kigelegele kimoja kikavu, akaendelea na ugoro wake.

Jioni baba aliporudi tulimwambia wote kwa pamoja. Baba akaweka jembe la ng'ombe chini akamtazama Mabula, aliyekuwa amekaa anachezea tope.

"Haya, atembee."

Tukamsimamisha kihengeni. Akakaa. Tukampa tobolwa, akalila. Tukamletea kumbikumbi, akamla. Kutembea hakuna.

"Bibi amemwona!" nikasema.

"Nilisema siku nitakayomwona mimi," baba akasema, akaenda kunawa.

Kesho yake hivyo hivyo. Mchana anatembea mbele ya bibi, jioni baba akifika anakaa kama mzigo wa chumvi. Nilianza kuamini ananifanyia makusudi. Mwezi wa kumi na mbili ukaingia, mtama ukachipua, vyura wakawa wanatutukana usiku kucha, mlenda na majani ya kunde yakarudi kwenye chungu, kila mtu ana furaha isipokuwa mimi na lile sanduku la bati. Holo alikuja kuniringia kwa dharau, ameshashonewa gauni jipya, lakini alipoona uso wangu akaacha dharau. Akaokota kijiti akaniandikia jina langu chini bila kuombwa.

Kwetu wanaume jioni walikaa kwenye shikome, ule moto wao unaowashwa mbele ya zizi, ng'ombe wakishaingia. Wanawake na watoto tulikuwa na moto wetu jikoni, karibu na kihenge. Chakula tuliwapelekea, tukapiga magoti, tukarudi. Jioni moja, giza halijaingia sawasawa, baba alikuwa shikomeni na majirani. Mvua zikianza ngoma zimekwisha, kwa hiyo alikuwa amezitoa njuga zake azifute vumbi na kuzipaka samli kabla ya kuzihifadhi. Mimi nilikuwa nakoroga mlenda. Baba akazitikisa kukung'uta vumbi.

Mabula alikuwa amekaa miguuni kwangu. Aliposikia njuga akainua kichwa. Akashika goti langu, akasimama. Akaliachia.

Mama alikuwa na mwiko mkononi akabaki nao hewani. Bibi akanishika mkono, akanikaza kwa kucha. Mabula alipita pale kwenye kihenge, akapita kwenye shimo lake la zamani lililojaa maji ya mvua, akalizunguka kwa akili zake, akavuka uwanja wote. Njuga zikinyamaza anasimama. Zikilia anakwenda. Wanaume walikuwa wanaongea, wakaacha mmoja mmoja. Akawapita miguuni, akafika kwa baba, akaweka mikono yote miwili juu ya njuga.

Baba aliinua macho akatazama nyuma ya mtoto. Hakukuwa na mtu.

"Nani amemleta huyu?"

Mzee mmoja wa jirani akamjibu, "Amejileta."

Zile njuga ambazo haziguswi na mtoto, baba aliziacha mikononi mwa Mabula. Halafu akapaza sauti kuelekea jikoni, na sauti ile bado ninayo: "Mama Limi! Kesho asubuhi fungua sanduku."

Mlenda uliungua. Tuliula hivyo hivyo, na sijawahi kula mlenda mtamu kama ule.

Shule nilianza. Mwalimu aliponiambia nipitishe mkono juu ya kichwa niguse sikio, kupima umri, niligusa sikio na nusu ya shavu, watoto wakacheka, sikujali. Shida ikawa nyingine. Mabula sasa alikuwa na miguu, na miguu ile alijua inakwenda kwa nani. Bibi alimwita kama alivyoahidi, lakini Mabula hakuwa ameahidi kwamba atakuja. Mara ngapi mwalimu ameandika ubaoni, darasa likaanza kucheka, nikageuka nikamwona mlangoni, uchi, tobolwa shavuni. Nilisoma mpaka darasa la nne, nikaishia hapo kama wengi wetu. Lakini jina langu naliandika mwenyewe, na hakuna mbuzi aliyelikanyaga tena.

Sasa nakaa Nyasubi, Kahama, kwa mwanangu. Wajukuu wana kigari cha magurudumu kinachoimba kizungu. Wanapelekwa shule kwa bodaboda, hatua ambazo sisi tungezimaliza tukiwa bado tunabishana nani aliyekula kumbikumbi wengi. Mvua ikinyesha wanafunga madirisha. Ukiwaambia kumbikumbi wanaliwa wanakunja pua, na huku wanakula vitu vya kwenye pakiti ambavyo hata mbuzi wetu angevisusa. Siwalaumu. Hawana jabali la michembe, hawana moto wa jikoni na moto wa zizini wa kuvuka kati yake. Mama zao wanawabeba wao wenyewe, na dada zao wana mgongo wao. Hilo ni jema, na nalisema kwa sababu nakumbuka. Ila wakati mwingine nikimwona mtoto peke yake kwenye kile kigari, anazunguka sebuleni na hakuna anayemwita, naitamani ile mikono ya uwanjani iliyomrudisha Mabula kwangu amelowa samli.

Na Mabula? Ile miguu iliyogoma ndiyo iliyokwenda mbali kuliko ya wote. Dhahabu ilipoitika Geita alikwenda, akachimba kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji, miaka mingi, akapata, akapoteza, akapata tena. Sasa goti limekwisha, anatembelea fimbo. Mwezi uliopita alikuja kunisalimia. Bajaji ilimshusha barabarani, na kutoka pale mpaka mlangoni kwangu ni kama kutoka kihenge hadi zizi. Wajukuu wakatoka mbio kumshika mikono.

"Mwacheni," nikawaambia. "Msimshike."

Wakaniona bibi katili. Alikuja polepole, tumbo mbele, mkono usio na fimbo umetanuliwa. Katikati ya uwanja akasimama, akapumua, akaniangalia kwa yale macho yake.

"Dada," akasema, "mbeleko iko wapi?"

"Bibi aliificha," nikamjibu. "Tembea."

Akacheka mpaka fimbo ikatikisika. Halafu akaja.